Kuvaa Uhusika Kingolwira

Mwigizaji anayesema hunivutia kidogo kuliko yule anayesemeshwa. Anayesema amebebwa na mtunzi: maneno yapo, yamepangwa, na hata akiyatamka ovyo hadhira itaokota maana. Aliyenyamaza hana pa kujificha. Ama anasikia kweli anachoambiwa, nasi tunaona kinavyomwingia, ama anangoja tu zamu yake huku macho yakihesabu maneno ya mwenzake. Mtoto wa darasa la pili anaiona tofauti hiyo ingawa hawezi kuieleza. Kumfikisha mwigizaji kwenye kusikia kweli ni kazi ya miezi, na wako watu walioitolea umri wao wote.

Kwa muda sasa nimekuwa nikikaa kando kutazama kazi hiyo ikifanyika Kingolwira, pale kwenye barabara ya Dar es Salaam kabla hujaingia Morogoro mjini. Kikundi cha vijana kinatayarisha Kinjeketile, tamthiliya ya Ebrahim Hussein kuhusu Vita vya Maji Maji, iliyotoka mwaka 1969. Hawana ukumbi wala taa. Wana uwanja wa udongo, viti vya plastiki vya kuazima, Milima ya Uluguru upande wa kusini, na mwongozaji wao, mama mmoja mstaafu ambaye kila mtu anamwita Mwalimu. Alipokuwa mwanafunzi Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alivisoma vitabu vya mwongozaji wa Urusi Konstantin Stanislavski, na ingawa siku hizi hulitaja jina hilo kwa nadra, namna yake ya kuendesha mazoezi inatoka huko moja kwa moja.

Stanislavski na Vladimir Nemirovich-Danchenko walikutana kwenye mgahawa wa Slavyansky Bazar, Moscow, tarehe 22 Juni 1897 kwa kalenda ya zamani ya Urusi. Nemirovich alikuwa mtunzi na mwalimu wa uigizaji. Stanislavski, aliyezaliwa Alekseyev, alitoka familia ya wenye viwanda na alikuwa akiigiza na kuongoza michezo ya ridhaa. Walianza kuongea saa nane mchana, wakahamia kwenye nyumba ya Stanislavski nje ya mji, wakaachana saa mbili asubuhi ya siku ya pili. Katika saa hizo 18 walikubaliana kuunda kampuni, na mwaka uliofuata, 1898, ikafungua milango. Ndiyo hiyo dunia inayoijua kama Ukumbi wa Sanaa wa Moscow.

Walichokichoka tunakijua hata sisi. Nyota mmoja katikati ya jukwaa, wengine wamejipanga pembeni wakimsubiri amalize. Mapambo ya kutoa stoo, sebule ileile kwa kila mchezo. Mume anayewageukia watazamaji na kuwaambia wao yale aliyopaswa kumwambia mkewe aliyesimama nyuma yake. Mazoezi machache, na mtu wa kunong'oneza maneno kwa wasiokariri. Wao wakataka anayecheza mfalme leo, kesho abebe sinia bila kutamka neno, na alibebe kama kweli kuna mtu anayelisubiri.

Kiangazi cha 1898 waliweka kambi Pushkino, nje kidogo ya Moscow, wakafanya mazoezi ndani ya banda. Waigizaji walipeana zamu za usafi na kupanga vifaa, Stanislavski akashika zamu ya kwanza. Oktoba wakafungua kwa Tsar Fyodor Ioannovich wa A. K. Tolstoy. Kisha ukaja mchezo wa Anton Chekhov uitwao Shakwe. Mchezo huo ulikuwa umeanguka vibaya St Petersburg mwaka 1896, na Chekhov alikuwa ameapa kuachana na jukwaa; Nemirovich alimbembeleza mpaka akakubali. Stanislavski alikiri kuwa mwanzoni hakuuelewa, lakini alijifungia mashambani akauandikia mpango wa kila hatua: nani anakaa wapi, nani anawasha sigara wakati gani, vyura wanalia lini, mbwa anabweka upande gani. Walifanya mazoezi ya saa 80 hivi, na bado aliona hawajaiva. Usiku wa onyesho la kwanza, Desemba 1898, tendo la kwanza lilipoisha ukumbi ulinyamaza muda mrefu hata waigizaji wakaamini wameangamia. Ndipo makofi yakalipuka. Shakwe akawa nembo ya kampuni na yuko kwenye pazia lake hadi leo.

Vyura hawanishughulishi sana. Chekhov mwenyewe alilalamika baadaye kwamba sauti za nyuma ya jukwaa zimezidi, na nadhani alikuwa na haki. Kinachonishughulisha ni kwamba katika tendo la mwisho la mchezo ule watu wanakaa mezani kucheza lotto, wakitaja namba moja baada ya nyingine, wakati chumba kimejaa mambo ambayo hakuna anayethubutu kuyasema. Ili tukio kama hilo lisimame, kila aliyeko mezani lazima awe na maisha yake, hata asiye na mstari. Hakuna nyota mmoja awezaye kulibeba. Uigizaji wa kundi zima kusikilizana ulizaliwa kwa sababu kulikuwa na michezo ambayo bila huo isingechezeka.

Stanislavski angeweza kuridhika na ushindi huo. Mwanzoni mwa 1906 kampuni ilizuru Ulaya kwa mara ya kwanza, na mjini Berlin Kaiser Wilhelm II alikwenda kuwatazama, akawatunuku viongozi wao nishani. Hapa napenda kusimama kidogo. Wakati ule Vita vya Maji Maji vilikuwa havijaisha. Kinjeketile Ngwale alikuwa amekwisha kunyongwa Mohoro, Agosti 1905. Kilosa, si mbali na hapa, ilikuwa imeshambuliwa. Reli ya Wajerumani iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 ilikuwa njiani kuja Morogoro. Ilifika 1907, ikiwa imekatiza hapahapa Kingolwira. Mtawala aliyeketi kwa staha kuwashangilia Warusi ndiye ambaye kwa jina lake vijiji na mashamba ya kusini mwa nchi hii vilikuwa vinateketezwa. Mwalimu alipowasimulia vijana wake jambo hilo, mazoezi hayakuendelea jioni ile. Waliuliza maswali mpaka giza likaingia.

Baada ya ziara, Stanislavski alikwenda Finland kupumzika, akawa anakaa akiitazama bahari kwa uchungu. Tangu 1900 alikuwa akimcheza Daktari Stockmann katika mchezo wa Ibsen, uhusika alioupenda sana. Sasa akagundua kwamba mwendo wa haraka upo, vidole vilivyonyooshwa vipo, macho yasiyoona mbali yapo, lakini kile kilichoyazaa hakipo tena. Mwili ulikuwa unakariri. Mtazamaji pengine hakujua, yeye alijua. Akatumia miaka 32 iliyobaki ya maisha yake kutafuta mwigizaji afanyeje ili onyesho la mia liwe hai sawa na la kwanza, bila kungoja bahati imshukie.

Majibu yake yalibadilika, na ninamheshimu zaidi kwa hilo. Hapo mwanzo aliegemea kumbukumbu za hisia, fikra aliyoipata kwa mwanasaikolojia wa Ufaransa Théodule Ribot: mwigizaji achimbe huzuni yake mwenyewe ya zamani ili aipe machozi huzuni ya mhusika. Mwaka 1912 alifungua studio ya kujaribia mambo haya, akiwa na vijana waliokuja kuwa wakubwa kwa njia zao, Yevgeny Vakhtangov na Michael Chekhov miongoni mwao. Huyu Michael, mtoto wa kaka yake Anton, mwaka 1921 alimcheza Khlestakov wa Gogol kwa namna iliyowashangaza watu wa Moscow. Ni mhusika yuleyule ambaye msomaji wa Kiswahili anaweza kukutana naye katika Mkaguzi Mkuu wa Serikali, tafsiri ya Christon Mwakasaka. Lakini kadiri miaka ilivyokwenda, Stanislavski aliona kwamba hisia haiamrishwi. Ukiiita, inakimbia. Kinachoamrishika ni tendo. Kwa hiyo akarudi kwenye maswali ya kawaida kabisa: mtu huyu yuko wapi, ametoka wapi, saa ngapi, anataka nini kwa aliye mbele yake, na ingekuwa mimi niko katika hali hiyo, ningefanya nini sasa hivi? Mpaka mwisho wa uhai wake, Agosti 1938, alikuwa akifanya mazoezi ya Tartuffe nyumbani kwake na waigizaji wazoefu, akiwataka watende kabla hawajashika mistari.

Nimeyaona maswali hayo yakifanya kazi juu ya udongo wa Kingolwira. Kinjeketile inaanza na wanawake wawili wanaoongea wakati waume zao wako kwenye shamba la pamba la Mjerumani, na njaa iko majumbani. Binti aliyepewa nafasi ya mmoja wao alikuja na kila alichokiona kwenye filamu: kushika tumbo, kuvuta pumzi, kuinua macho mbinguni. Mwalimu alimwacha afike mwisho.

"Mwanangu, nani kakwambia mwenye njaa anashika tumbo?"

"Sasa Mwalimu, watajuaje kama nina njaa?"

"Usiwaambie. Una watoto wangapi?"

Binti hakuwa amefikiria. Wakakubaliana watatu. Mwalimu akampa ungo wenye mahindi kidogo, gao mbili tu, akamwambia apepete na kuchambua chakula cha watu watano huku akiongea na jirani yake. Walirudia tukio lile mara nyingi mno, kwa majuma, na kwa muda mrefu halikuwa na kitu. Binti alipepeta vizuri na kuongea vizuri, mambo mawili yasiyojuana. Siku moja punje zikaruka zikaanguka vumbini. Akaendelea kumsikiliza mwenzake, macho kwa mwenzake, mkono ukashuka ukaokota punje moja, ya pili, ukaifuta ya tatu kwenye khanga na kuirudisha kwenye ungo. Sote tuliokuwa tumekaa pale tuliiona njaa. Yeye hakuwa anaionyesha. Alikuwa anatafuta chakula.

Mwalimu hakumsifu. Alimuuliza tu kama jirani yake ameuona ule mkono. Jirani alikuwa hajauona. "Basi rudieni, na wewe umwone." Kwa sababu kama mwenzako anaokota punje vumbini mbele yako, nawe nyumbani kwako hali ni hiyohiyo, huwezi kuendelea kuongea kama ulivyokuwa unaongea.

Mkono kama ule uliwahi kuishangaza dunia nzima. Mwaka 1954, katika filamu ya On the Waterfront, Eva Marie Saint anadondosha glavu yake wakati akitembea na Marlon Brando. Brando anaiokota, anaendelea kuongea, na polepole anaivaa mkononi mwake, glavu ya mwanamke kwenye mkono wa bondia. Hataki kuirudisha kwa sababu akiirudisha binti ataondoka. Hakuna mstari unaosema hivyo. Njia iliyomfikisha Brando hapo inaanzia Moscow. Kampuni ilikwenda New York Januari 1923; Richard Boleslavsky na Maria Ouspenskaya, waliolelewa kwenye ile studio ya kwanza, wakabaki Marekani wakifundisha; mbele yao wakakaa akina Lee Strasberg na Stella Adler; mwaka 1931 likaundwa Group Theatre, na 1947 Actors Studio. Strasberg alishikilia kumbukumbu za hisia. Adler hakutosheka. Mwaka 1934 alimfuata Stanislavski mwenyewe Paris, akafanya naye kazi kwa majuma kadhaa, akarudi na habari kwamba mzee sasa anaweka mbele hali za mchezo na tendo. Brando alikuwa mwanafunzi wa Adler.

Nasema wazi kwamba katika ugomvi huo niko upande wa Adler, na nadhani hapa kwetu tuliurithi zaidi upande mwingine. Filamu zetu zimejaa vilio. Kamera inasogea, muziki unapanda, machozi yanatiririka, na mwigizaji anasifiwa kuwa ameuvaa uhusika kwa sababu amelia kweli. Lakini mtu halisi mwenye msiba mara nyingi anajizuia kulia: kuna wageni, kuna maji ya kuteka, kuna turubai halijafungwa. Anayejizuia ana kazi ya kufanya, na kazi hiyo ndiyo tunayoitazama.

Idara ya Sanaa za Maonyesho ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilianza 1967, na waliopita humo hawakubaki kuiga Ulaya. Penina Muhando, ambaye kwa jina la ndoa ni Mlama, ni mzaliwa wa mkoa huuhuu, huko Berega, Kilosa. Ndiye aliyeandika Hatia, Pambo, Nguzo Mama na Lina Ubani. Ndiye pia aliyewaeleza wasomi wa nje, mwaka 1981, kwamba digubi ya Wakaguru, unyago wa wasichana wa kwao, ni sanaa kamili ya maonyesho, yenye uigizaji wake, ngoma zake na shabaha yake. Nimeifikiria sana hoja hiyo nikiwa Kingolwira. Katika unyago anayeonyesha jambo mbele ya mwali halionyeshi ili apigiwe makofi. Anataka kitu kwa yule msichana: aelewe, aogope, acheke, akumbuke hadi uzeeni. Asipokipata, anarudia kwa njia nyingine. Swali ambalo Stanislavski alilisumbukia hadi siku zake za mwisho, unataka nini kwa aliye mbele yako, kungwi hahitaji kuulizwa.

Na lipo jambo ambalo watu wa Dar es Salaam waliliendeleza kuliko Warusi. Mwaka 1902, wakitayarisha mchezo wa Gorky kuhusu mafukara wa nyumba ya kulala, waigizaji wa Moscow walitembelea mabweni ya maskini wa soko la Khitrov ili wajue wanachokicheza. Waliangalia, wakarudi, wakaigiza mbele ya watu wenye uwezo wa kukata tiketi. Penina Mlama na wenzake, kijijini Malya mkoani Mwanza mwanzoni mwa miaka ya 1980, walikaa na wanakijiji, wakachunguza pamoja nao tatizo la mimba za wasichana, na wanakijiji wenyewe ndio wakaingia uwanjani kucheza na kujadiliana. Mwenye hali ndiye aliyekuwa mwigizaji.

Mwalimu anafuata njia zote mbili. Vijana wake hawajawahi kulima pamba kwa kiboko, lakini Morogoro ni nchi ya mkonge. Amewatuma kwa wazee waliofanya kazi mashambani enzi za kipande, waulize: jani linakatwaje, tita linafungwaje, mnyapara alisimama wapi, siku isiyotimia ilihesabiwaje. Waliporudi, migongo ya waliokuwa wakicheza vibarua ilikuwa imebadilika. Mzee mmoja alikuja mwenyewe mazoezini, akakaa, akawasahihisha namna ya kushika panga mpaka Mwalimu akampa kiti chake.

Kwa tukio la mwisho hawakuhitaji kwenda mbali. Kinjeketile amefungwa, ameteswa, na mwenzake Kitunda anamsihi aseme kwamba maji aliyowapa watu kuwa kinga ya risasi yalikuwa uongo, ili mateso yaishe. Kingolwira inajulikana nchi nzima kwa gereza lake, lililokuwapo tangu enzi za Mwingereza, na mashamba yake. Kijana anayemcheza Kinjeketile amekua akiwaona wafungwa wakienda shambani na nguo zao za rangi ya machungwa. Hata hivyo alianza kwa kutoa kifua mbele na kunguruma, maana amezoea sanamu za mashujaa. Mwalimu alimuuliza kama amewahi kumwona mtu anayelindwa akijikuna. Kijana akafikiri, akasema ndiyo: kwanza anamtazama askari, halafu ndipo anajikuna. Tangu siku ile mwili wake una askari hata askari asipokuwapo.

Bado hawajafika. Nilikuwapo walipobishana juu ya kile Kinjeketile anachokitaka kwa Kitunda wakati wa kukataa. Kijana alisema anakataa tu. Mwalimu akamwambia kukataa ni jibu, yeye anataka kazi. Wakajaribu kumfariji Kitunda. Ikawa laini mno. Wakajaribu kumkaripia, Kinjeketile akawa mwepesi, mtu asiyejua kwamba wengine wamekufa kwa neno lililotoka kinywani mwake. Wakajaribu kuomba msamaha huku akikataa, na hapo Kitunda, ambaye majuma yote alikuwa akisubiri zamu yake, aliinua uso akamsikiliza mwenzake kwa mara ya kwanza. Ilidumu kwa mistari michache tu, kisha ikapotea, na jioni iliyofuata walipoitafuta hawakuipata. Mwalimu hakuonekana kuhangaika. Alisema mistari hiyo michache ndiyo ushahidi kwamba ipo, na sasa wataijengea njia.

Juma lijalo zamu ni ya askari. Ana maneno machache sana, na kijana aliyepewa nafasi hiyo alikuja kuuliza kama anaweza kukosa mazoezi mawili kwa kuwa ameshayakariri. Mwalimu alimpangia siku tatu.